Barua ya Wazi kwa Wanaochagua Madume wa Kondoo wa Sufu: Msiipime Njaa Mkaiita Mbegu

Kwa wakuu wa mashamba ya mbegu ya kondoo, yaani yanayokuza madume wa kuzalishia, viongozi wa vyama vya wafugaji, na ninyi nyote ambao kwa kalamu yenu dume mmoja huandikwa kuwa mzazi na mwenzake huondolewa kundini,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, kisha naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo ninalolileta mbele yenu si dogo ingawa hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Kazi yangu ni kupanga sufu katika madaraja. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya meza ambayo sufu nzima ya kondoo hutandazwa ikiwa bado na joto la mwili, nikaishika, nikaivuta, nikaitenga. Na kabla ya msimu wa kukata nimeshiriki kuchukua sampuli ubavuni mwa kondoo na kuzipeleka maabara. Katika miaka hiyo yote, kosa nililoliona likirudiwa kuliko mengine ni moja: dume huchaguliwa kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara bila mtu yeyote kuuliza imetoka wapi, kwa wazazi wake au kwa malisho aliyokuwamo.

Sufu ni zao la jeni na mazingira kwa pamoja, na hakuna mashine inayoweza kuangalia unyuzi mmoja ikasema sehemu hii ni ya urithi na hii ni ya majani. Kondoo akikosa chakula cha kutosha, unyuzi anaootesha hupungua unene pamoja na urefu. Akishiba, unyuzi huo hunenepa. Kwa hiyo kundi lililopitia kiangazi kikali bila kuongezewa chakula litatoa karatasi zenye tarakimu ndogo, za kupendeza, za sufu nyembamba inayotafutwa na viwanda, na kundi lililotunzwa vizuri litatoa tarakimu kubwa zaidi. Mkiyaweka madume wa makundi hayo mawili katika orodha moja na kuchagua walio juu ya orodha, mtakuwa mmechagua njaa. Sisi tunaoshika sufu hiyo tunaiita sufu nyembamba ya njaa, na kwa mkono huwa haifichiki: ni fupi, haina uhai, na ukivuta shungi lake, yaani kifungu cha nyuzi zilizoota pamoja, hukatika mahali pamoja kama uzi uliooza.

Nami nimeumizwa na kosa hili. Kuna mwaka niliombwa na wafugaji wenzangu nisaidie kuchagua dume wa kuboresha kundi letu la pamoja. Tulipelekewa orodha na shamba moja la mbegu, na juu kabisa palikuwa na dume aliyepimwa mikroni 17, wakati wengi wa wenzake katika orodha hiyo walikuwa 19 na 20. Sikuuliza alikozaliwa, sikuuliza kama alizaliwa pacha, sikuuliza alikula nini katika mwaka wake wa kwanza. Niliamini karatasi. Alipokaa kwetu mwaka mmoja kwenye malisho mazuri, sampuli yake mwenyewe ilirudi ikiwa na mikroni 20, na wanawe walipofikia kukatwa sufu hawakutofautika hata kidogo na watoto wa madume tuliokuwa nao tangu zamani. Tulikuwa tumenunua mbuzi kwenye gunia. Kilichoniuma zaidi ni muda, kwa kuwa kutoka siku ya kumpandisha dume hadi siku ya kupima sufu ya wanawe hupita karibu miaka miwili, na katika miaka hiyo majike wote bora wa kundi walikuwa wamezaa naye.

Najua baadhi yenu mtajibu kwamba unene wa unyuzi ni miongoni mwa sifa zinazorithika kwa kiwango cha juu kabisa katika mifugo, na kwamba kwa sababu hiyo tarakimu ya dume inatosha kumtambulisha. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli. Kwa kondoo wa Merino, aina inayosifika kwa sufu nyembamba, kiwango cha kurithika kwa unene wa unyuzi hukadiriwa kuwa takriban 0.5 au zaidi kidogo. Uzito wa sufu hukadiriwa kati ya 0.3 na 0.4, nguvu ya shungi iko karibu na 0.3. Ni viwango vizuri sana, ndiyo maana uteuzi wa kondoo wa sufu umeleta mabadiliko makubwa kadiri hii. Lakini naomba tuelewane juu ya maana yake. Kiwango cha 0.5 husema kwamba ndani ya kundi moja, lililolelewa pamoja, takriban nusu ya tofauti zinazoonekana baina ya kondoo na kondoo hutokana na tofauti za jeni zao. Hakisemi lolote kuhusu tofauti baina ya kundi na kundi. Inawezekana kabisa kiwango kikawa 0.5 ndani ya kundi lililoshinda njaa na 0.5 ndani ya kundi lililoshiba, na bado tofauti yote ya mikroni 2 baina ya wastani wa makundi hayo ikawa ni kazi ya majani peke yake. Hapo ndipo tunapokosea, na tunakosea huku tukiwa tumeshika tarakimu sahihi mkononi.

Hata ndani ya kundi moja hesabu hiyo inatuonya tusiwe na pupa. Tuseme dume ana mikroni 3 chini ya wastani wa wenzake waliolelewa naye, na majike atakaopandishwa ni wa wastani. Mtoto hupata nusu ya jeni zake kwa kila mzazi, kwa hiyo ubora wa wazazi wawili kwa pamoja ni mikroni 1.5 chini ya wastani. Na kwa kuwa ni nusu tu ya ubora unaoonekana inayorithika, tutarajie wanawe wawe chini ya wastani kwa takriban mikroni 0.75. Hayo ni maendeleo ya kweli, yanayodumu na kuongezeka kizazi hadi kizazi. Mfugaji aliyeahidiwa mikroni 3 akapata 0.75 atadhani ametapeliwa, na mara nyingi huacha kabisa kupima. Ninyi ndio mnaoandika ahadi hizo katika orodha, na naamini mnaweza kuziandika kwa ukweli bila kumkatisha mtu tamaa.

Swali la nini kinarithiwa na nini hakirithiwi lina umri mkubwa, tena lilizaliwa katika sufu. Wahispania walizuia Merino wao wasitoke nchini kwa muda mrefu. Kundi lilipopelekwa Saxony, katika Ujerumani ya leo, mwaka 1765, na jingine Rambouillet nchini Ufaransa mwaka 1786, jambo la kwanza ambalo wapokeaji walitaka kujua lilikuwa kama sufu ile itabaki nyembamba chini ya anga nyingine na kwenye majani mengine. Wengi waliamini kwamba hali ya hewa ndiyo iliyotengeneza Merino, na kwamba nje ya Hispania kondoo hao wangegeuka kuwa wa kawaida. Hawakugeuka. Huko Moravia, katika mji wa Brno ulioko Jamhuri ya Cheki ya leo, wafugaji wa kondoo waliokuwa na chama chao walibishana kwa miongo kadhaa juu ya urithi; Imre Festetics, kabaila wa Hungaria aliyefuga Merino, aliandika mwaka 1819 juu ya kile alichokiita sheria za kijenetiki za maumbile; na katika miaka ya 1830 Abate Cyril Napp, mkuu wa nyumba ya watawa mjini humo, aliwaambia wafugaji hao kwamba swali la kujadili ni nini kinarithiwa na kinarithiwa vipi. Abate huyo ndiye aliyempokea katika nyumba yake ya watawa, mwaka 1843, Gregor Mendel, ambaye baadaye aligundua kanuni za urithi. Nimeyataja haya kwa sababu watu hao hawakuwa na maabara wala kompyuta, ila walikuwa na swali sahihi. Sisi tuna vyombo vyote, na mara nyingi swali lenyewe tumeliacha nyuma.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo husahauliwa zaidi ya mengine, nalo ni maisha ya kondoo kabla hajazaliwa. Sufu huota kutoka katika vinyweleo, yaani vifuko vidogo vilivyozama ndani ya ngozi, na vinyweleo hivyo ni vya aina mbili. Vya kwanza huanza kuonekana katika ngozi ya mtoto aliye tumboni takriban siku ya 60 ya mimba. Vya pili huanza karibu na siku ya 90, na baada ya siku ya 100 hivi vingine vingi huchipuka kutoka ubavuni mwa hivyo vya pili, kama matawi. Mimba ya kondoo ni ya siku kama 150. Unyuzi unaotoka katika vinyweleo vya pili ndio unaoifanya sufu ya Merino iwe nyingi na laini: kwa kila kinyweleo kimoja cha kwanza, Merino mwenye sufu nyembamba huwa na vya pili 20 au zaidi, ilhali kondoo wa Kiingereza wenye sufu ndefu na nene huwa na vichache tu. Tofauti hiyo baina ya aina na aina ni ya jeni, haina ubishi. Lakini je, kila mwanakondoo hufikia idadi ambayo jeni zake zilimkusudia? Hapana. Theluthi ya mwisho ya mimba ndiyo wakati wa matawi hayo kuchipuka, na ndiyo pia wakati ambao mtoto hukua kwa kasi na mama huhitaji chakula kingi. Mama akikosa chakula wakati huo, au tumbo likiwa limebeba mapacha wanaogawana kilichopo, vinyweleo vya pili hupungua.

Baada ya kuzaliwa hakuna vinyweleo vipya vinavyoanzishwa. Vile vilivyokwisha kuanzishwa huendelea kukomaa na kuanza kutoa unyuzi katika miezi ya mwanzo, ambayo nayo hutegemea maziwa ya mama. Dirisha hilo likishafungwa, limefungwa. Kondoo huyo atakatwa sufu nyepesi kidogo kuliko alivyostahili, na yenye unyuzi mnene kidogo, mwaka huu na mwaka ujao na miaka yote ya maisha yake, hata mkimlisha kwa mkono. Dume aliyezaliwa pacha kwa mama mchanga mwenye njaa anaweza kuwa na jeni bora kuliko wote walio zizini, akaonekana wa kati siku ya kupimwa. Wanawe, wakizaliwa na mama walioshiba, watazirithi jeni zile wala hawatakuwa na ule upungufu aliokuwa nao baba yao. Nimeshuhudia madume wa namna hiyo wakiondolewa kundini mchana kweupe, kwa sababu tu safu ya namna ya kuzaliwa iliachwa wazi katika daftari.

Chukueni shungi moja la sufu, Waheshimiwa, ninyi wenyewe kwa mikono yenu, kabla ya kusaini orodha inayofuata. Shikeni ncha zake mbili kwa vidole vya mikono miwili, mlikaze, kisha mmoja wenu alipige katikati kwa ukucha kama mtu anayepiga uzi wa zeze. Shungi imara hutoa mlio. Shungi dhaifu hutoa sauti ya kupasuka na kuachana, na mahali linapoachana ni tarehe. Ukilipima kutoka kwenye ngozi unaweza kukadiria mwezi ambao mnyama aliugua, au alizaa, au malisho yalikauka ghafla, au yalichipua ghafla baada ya ukame. Katika maeneo yenye kiangazi kirefu na masika ya majani mengi, unene wa unyuzi uleule mmoja hubadilika kwa mikroni kadhaa kutoka ncha hadi shina. Maabara hupima nguvu ya shungi kwa nyutoni kwa kila kiloteksi, yaani nguvu inayohitajika kulikata kwa kulinganisha na unene wake, na sufu ya Merino iliyo chini ya 30 huhesabiwa kuwa dhaifu, itakayokatikakatika kwenye mashine za kuchana. Wastani mmoja wa mikroni ulioandikwa kwenye orodha umeficha mwaka mzima wa maisha ya mnyama.

Majani nayo si jambo moja. Sufu ni protini yenye salfa nyingi, na salfa hiyo hutoka hasa katika asidi amino iitwayo sisteini. Kondoo hula protini, lakini vijidudu vilivyo katika tumbo lake la kwanza huivunja sehemu kubwa na kuijenga upya kwa namna yao, kwa hiyo kinachofika kwenye vinyweleo si kile kilichokuwa kwenye hori. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1963 kwamba sisteini, au methionini ambayo ni asidi amino nyingine yenye salfa, ikipelekwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, bila kupita mikononi mwa vijidudu hivyo, kondoo huotesha sufu nyingi zaidi. Halafu kuna madini. Shaba ikipungua mwilini, mawimbi madogo ya sufu hupotea, na unyuzi hunyooka na kung'aa kama waya. Na kwa kondoo weusi upungufu huohuo hujitokeza kama mkanda mweupe katikati ya sufu nyeusi. Nimewahi kuona mtu akimtenga jike kwa kudhani kwamba sufu iliyonyooka ni kasoro ya kizazi, kumbe alipopewa shaba mawimbi yalirudi katika sehemu iliyoota baada ya matibabu, na mpaka baina ya sufu ya zamani na mpya ukaonekana wazi kabisa kwenye shungi lake. Minyoo hupunguza sufu. Mimba na kunyonyesha hupunguza sufu. Umri huongeza unene katika miaka ya mwanzo ya utu uzima, ndiyo maana dume wa mwaka mmoja hawezi kulinganishwa na wa miaka minne kwenye mstari mmoja.

Basi tufanyeje ili tutenganishe kilicho katika damu na kilicho katika malisho? Hatuhitaji kuwalisha kondoo wote duniani chakula kimoja. Tunahitaji kuwalinganisha waliolelewa pamoja, na kuwa na daraja la kuvuka kutoka kundi moja kwenda jingine. Daraja hilo ni dume wa kiungo, yaani dume ambaye watoto wake wamezaliwa katika makundi yote mawili, jambo ambalo uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume bila kumpeleka mwenyewe, umelirahisisha sana. Tuseme katika shamba lenye ukame watoto wa dume wa kwanza wana wastani wa mikroni 18, na katika shamba lenye malisho mazuri watoto wa dume wa pili wana wastani wa mikroni 20. Kwa macho ya orodha zetu za sasa, dume wa kwanza ameshinda kwa mikroni 2. Lakini tuseme dume wa kiungo naye ana watoto kote kuwili, na majike waligawanywa bila upendeleo: katika shamba la ukame watoto wake wana 17.5, na katika shamba la malisho mazuri wana 20.5. Sasa tunaona kwamba dume wa kwanza huzaa watoto wenye unene wa mikroni 0.5 zaidi ya watoto wa kiungo, na dume wa pili huzaa wenye mikroni 0.5 pungufu. Aliyeshindwa ndiye bora, tena kwa mikroni 1 nzima katika watoto. Malisho peke yake yalikuwa yamebeba mikroni 3, na orodha ikayapa jina la dume.

Hesabu za namna hii, zikihusisha ndugu wote, mama wote na miaka yote kwa pamoja, hazifanywi tena kwa penseli. Mmarekani Charles Henderson aliziwekea msingi wa kitakwimu katika karne ya 20, na leo programu za kompyuta huzifanya na kutoa kwa kila dume makadirio ya thamani yake ya uzazi pamoja na kiwango cha uhakika wa makadirio hayo. Tatizo letu ni kwamba kompyuta haiwezi kurekebisha jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Na wale wanaosema kwamba upimaji wa jeni kwa sampuli ya damu au kipande cha sikio umetuondolea kazi ya kuweka kumbukumbu, nawaomba wafikiri tena: makadirio hayo hutokana na kulinganisha jeni za dume na jeni za maelfu ya kondoo ambao sufu yao ilipimwa, wakaandikwa walizaliwa vipi na kulelewa wapi. Kumbukumbu zikiwa mbovu, kipimo cha jeni kitarithi ubovu wake.

Zipo sifa ambazo mazingira hayana la kusema, na hizo hatuna budi kuzitofautisha. Rangi ni mfano mzuri. Weupe wa kondoo wengi wa sufu hutokana na jeni iitwayo aguti kuwa imejirudia katika kromosomu, kama watafiti walivyoeleza mwaka 2008. Wazazi wawili weupe wanaobeba jeni ya weusi iliyojificha watazaa mwanakondoo mweusi kwa wastani mara moja katika kila mara nne, wapate mvua au wasipate. Vilevile nchini New Zealand, kuanzia miaka ya 1930, Francis Dry alifuatilia jeni moja inayowapa kondoo sufu nene yenye nywele ngumu, na kutokana nayo ikapatikana aina ya Drysdale inayotoa sufu ya mazulia. Katika mambo kama hayo jeni moja huamua. Unene, uzito na nguvu ya sufu huamuliwa na jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo, na juu yake mazingira yakisukuma kwa mkono mzito.

Kuna onyo jingine ambalo nisingependa liachwe. Sifa za sufu zimeungana kijeni, na ukivuta moja nyingine hufuata. Uzito wa sufu na unene wa unyuzi huelekea kupanda pamoja, ingawa kwa kiasi cha wastani, kwa hiyo anayechagua uzito peke yake huipeleka sufu yake kwenye unene, na anayekimbilia wembamba peke yake hupoteza uzito. Wapo madume wanaokiuka mwelekeo huo, wenye sufu nzito na nyembamba kwa pamoja, nao ndio hazina. Lakini huwezi kuwatambua ikiwa wembamba wao umechanganywa na njaa na uzito wao umechanganywa na shibe. Wapo pia wale ambao nyuzi zao zinatofautiana mno unene ndani ya sampuli moja, na hao shungi lao huwa dhaifu. Na zikizidi nyuzi zilizopita mikroni 30, nguo huwasha mwilini. Wastani hauonyeshi hilo. Maabara hutoa tarakimu ya mtawanyiko pamoja na wastani, nasi katika orodha zetu tumeifuta ili ukurasa uonekane safi.

Ninachowaomba, Waheshimiwa, ni vitu vilivyo ndani ya uwezo wenu. Pasiwe na dume atakayeingizwa katika orodha yoyote kwa tarakimu ghafi. Aandikwe kwa tofauti yake na wenzake wa rika lake waliolelewa pamoja naye, na idadi ya wenzake hao iandikwe, kwa kuwa kuwa wa kwanza kati ya 5 si sawa na kuwa wa kwanza kati ya 80. Sampuli zichukuliwe mahali pamoja kwa kila mnyama, ubavuni, juu ya mbavu ya tatu kutoka mwisho, katikati ya mgongo na tumbo, kwa sababu sufu ya bega huelekea kuwa nyembamba na ya mapajani kuwa nene, na mchukua sampuli asiye makini anaweza kumpa dume ushindi kwa kusogeza mkasi tu. Katika daftari la kuzaliwa pasiachwe wazi safu ya tarehe, ya pekee au pacha, na ya umri wa mama. Mashamba makubwa yakubaliane kutumia angalau madume wachache wa kiungo kila mwaka, hata kama kila shamba linajivunia damu yake. Hapo najua mtapingwa zaidi, maana daraja hilo litaonyesha pia ni shamba gani limekuwa likiuza majina.

Na kuhusu majike wenye mimba, nawasihi mliweke katika kanuni zenu za uthibitisho wa mashamba ya mbegu: wapimwe kwa picha ya mawimbi ya sauti ili waliobeba mapacha wajulikane, watengwe, na walishwe kwa kadiri ya mzigo wao kuanzia kabla ya siku ya 90 ya mimba hadi wanawe watakapoachishwa kunyonya. Chakula hicho hakibadilishi jeni hata moja, lakini bila hicho jeni mlizozitafuta kwa miaka kumi hazitapata mahali pa kuota.

Msimu ujao wa kukata sufu unakaribia. Mkiniruhusu, nitakuja mwenyewe katika shamba lolote mtakalolichagua, nikiwa na mifuko ya sampuli na daftari lenye safu nilizozitaja, tulichukue kundi moja la madume wa rika moja, tuwapange kwanza kwa tarakimu ghafi kama mlivyozoea, kisha tuwapange upya baada ya kuondoa athari za namna walivyozaliwa, umri wa mama zao na zizi walilolelewa. Orodha hizo mbili tuziweke juu ya meza moja kabla ya dume yeyote hajapakiwa kwenye gari.

Wenu kwa heshima na kwa kazi,

Mpangaji wa madaraja ya sufu